Jerez de la Frontera: mji wa sheri, na saa zake

Ukishuka kwenye treni Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, siku ya Jumapili saa kumi na moja jioni, utaukuta mji umelala. Bodega, yaani maghala ya mvinyo wa sheri, zimeshafunga, majiko ya mikahawa yamezimwa hadi saa mbili na nusu usiku, soko la samaki halijafunguliwa tangu jana yake, na pale Plaza del Arenal kuna wazee wanne na njiwa. Ukishuka Alhamisi saa tatu asubuhi, ni mji mwingine kabisa: churro, vijiti vya unga, zinakaangwa pembeni ya soko, farasi wa shule ya kifalme wanatandikwa kwa onyesho la saa sita, na mlango wa bodega uko wazi. Wengi wanaolalamika kwamba Jerez "haina kitu" ni wageni wa Jumapili jioni, au wa safari ya kwenda na kurudi kutoka Sevilla, waliolishwa ziara moja ya bodega kubwa wakarudishwa kwenye basi. Mji wenyewe ni mzuri sana. Haubembelezi tu. (Saa zote hapa ni za Kiswahili. Tiketi ikiandika 12:00, ni saa sita mchana.)

Siku mbili na usiku wake zinatosha kwa mji. Ongeza siku moja kwa Sanlúcar de Barrameda, mji jirani wa baharini, na nyingine ukitaka milima. Siku bora za kuanza ni Jumanne au Alhamisi, kwa sababu ya farasi.

Jina hutamkwa "Herés", na h nyepesi kuliko kh ya Waarabu. Waislamu walioutawala kwa zaidi ya miaka 500 waliuita Sharish, na Waingereza walipopenda mvinyo wake wakalipindisha jina hilo likawa "sherry". Anayejua fasihi ya Kiarabu huenda amekutana na Ahmad al-Sharishi, aliyefariki 1222 na kuacha ufafanuzi mashuhuri wa Maqamat, kitabu cha visa cha al-Hariri. Huyo ni mtu wa hapa. Mfalme Alfonso X aliuteka mji mwaka 1264, na maneno "de la Frontera", yaani wa mpakani, yakaingia kwa kuwa baada ya hapo mpaka na dola ya Waislamu ya Granada ulipita karibu. Mzungumzaji wa Kiswahili atasikia maneno ya nyumbani kila anapogeuka: alcázar ni kasri, aceituna ni zaituni, azúcar ni sukari.

Bodega: nenda mbili, moja kubwa na moja ndogo

Bodega ni ghala la mvinyo, ila limejengwa kama nyumba ya ibada: paa la juu sana, nguzo safu kwa safu, kuta nene zilizopakwa chokaa. Urefu huo una kazi yake. Hewa ya joto hupanda, mapipa yakabaki chini penye ubaridi. Madirisha madogo yamewekwa juu na kufunikwa mikeka ya nyasi ili upepo upite na jua libaki nje, na sakafu ya mchanga hunyunyiziwa maji wakati wa kiangazi. Upepo wa magharibi, Poniente, huleta unyevu wa Atlantiki. Ule wa mashariki, Levante, ni mkavu na wa moto, na ukivuma siku tatu mfululizo hata wenyeji huwa wakali.

Mapipa ni ya mwaloni wa Marekani. Lile la kawaida lina nafasi ya lita 600 lakini hutiwa lita 500 tu, na nafasi inayoachwa ndiyo siri ya fino, sheri kavu ya rangi hafifu. Juu ya mvinyo huota utando mweupe wa hamira unaoitwa flor, yaani ua, ukaufunika kama ukoko mwembamba wa maziwa yaliyochemshwa. Utando huo huzuia hewa, hula sukari kidogo iliyobaki na utamu wa gliserini, na huacha harufu ya lozi mbichi na kinyunga cha mkate. Unaishi vizuri kwenye kilevi cha asilimia 15. Kikipita 17, unakufa. Hapo ndipo sheri zinapogawanyika: inayotaka kuwa fino huongezwa pombe ya zabibu hadi 15, inayotaka kuwa oloroso hupandishwa hadi 17 au zaidi makusudi, ikaliwa na hewa miaka mingi hadi inageuka rangi ya kahawia. Amontillado huanza chini ya utando kisha utando unakufa. Palo cortado iko katikati ya amontillado na oloroso, na kila bodega itakupa maelezo yake. Pedro Ximénez ni jambo jingine kabisa: zabibu zilizoanikwa juani hadi kusinyaa, mvinyo mzito mweusi kama asali ya miwa.

Kwa nini chupa nyingi hazina mwaka? Kwa sababu ya solera. Mapipa hupangwa kwa ngazi. Ya chini kabisa ndiyo solera, na humo tu ndimo mvinyo wa kuuzwa hutolewa, sehemu tu ya kila pipa, kamwe si pipa zima. Pengo hujazwa kutoka ngazi ya juu yake, na la hiyo kutoka ya juu zaidi, hadi juu kabisa unapoingia mvinyo mchanga. Pipa halikauki kamwe. Ndani ya glasi yako kuna tone la miaka ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka, pamoja na la juzi. Lebo ikiandika VOS, wastani wa umri umethibitishwa kuwa miaka 20 au zaidi. VORS ni 30.

Ya kubwa ni González Byass, iliyoanza 1835, wenye fino ya chapa ya Tío Pepe. Iko jirani na kasri, ina ziara za lugha kadhaa kila siku na treni ndogo ya kuzungusha wageni. Ni biashara ya utalii, ndiyo, lakini yenye mpango. Utaona ghala la duara la La Concha la 1869, lenye paa la chuma. Hadithi kwamba Eiffel ndiye aliyelichora ni ya kurembesha tu: mchoraji ni mhandisi Mwingereza Joseph Coogan, na chuma kilifuliwa Sevilla. Utaonyeshwa pia glasi ya sheri tamu iliyowekwa sakafuni na ngazi yake ndogo ya mti, ili panya wa bodega wapande kunywa. Watoto hupenda hapo kuliko kwingine kote. Kasoro ya ziara kubwa ni kundi lenyewe: ukiwa nyuma ya watu 30 husikii maelezo, na fino inayomiminwa kwa mkupuo hufika mezani imeshapoteza ubaridi wake. Chagua ziara ya kwanza ya asubuhi.

Ndogo ya kuambatana nayo ni Bodegas Tradición, iliyoanzishwa 1998 kwa ajili ya sheri za umri mkubwa. Ziara huwa na watu wachache, kwa miadi tu, na inaishia kwenye mkusanyo wa michoro ya Kihispania ambamo kuna Goya, El Greco na Zurbarán. Bei iko juu, na ina haki ya kuwa juu. Lustau ni ya katikati, na ndiyo bora kwa mtu anayetaka kuonja aina nyingi sambamba. Sandeman ni mbele ya shule ya farasi, kwa hiyo huuza tiketi kwa waliotoka kwenye onyesho. Ni rahisi kwa miguu, haina zaidi. Ziara ya kawaida mjini huanzia karibu euro 20. Ndogo nyingi hazifungui Jumapili, na barua pepe ya miadi itume wiki moja kabla. Ukigonga mlango bila miadi utakutana na mtunza ghala mwenye adabu na mlango unaofungwa taratibu.

Mwombe mwenyeji akuonyeshe venencia ikifanya kazi. Ni kikombe chembamba cha chuma mwishoni mwa fimbo inayonesa, chenye upana wa kupita kwenye tundu la pipa. Hutoswa kwa pigo moja la haraka ili kitoboe utando bila kuuchana. Kikizamishwa polepole, hamira inaingia kikombeni na fino inatoka chafu. Kisha mvinyo humiminwa kutoka juu ya kichwa hadi kwenye glasi iliyo usawa wa kiuno, uzi mmoja mwembamba, ili upate hewa. Ukipewa ujaribu, simama mbali na viatu vyako vizuri.

Kwenye kuonja, makosa ni yale yale kila siku. La kwanza ni kuja na tumbo tupu: glasi nne za asilimia 15 hadi 20 saa tano asubuhi si mchezo, na hakuna atakayekushangaa ukitema kwenye ndoo. La pili ni kushika glasi kwa tumbo lake. Ishike kwa kitako, maana fino inataka nyuzi 7 hadi 9 na kiganja kinaipasha moto kwa dakika chache. La tatu ni kurukia Pedro Ximénez kwanza kwa sababu ni tamu. Baada yake fino itaonekana kama maji ya chumvi, na utaondoka ukidhani fino ni mbaya.

Asiyekunywa aseme mapema wakati wa kukata tiketi. Bodega zinapitika vizuri bila kuonja. Ila jihadhari na neno moja: mosto. Sehemu nyingi za Hispania mosto ni maji ya zabibu yasiyo na kilevi, lakini hapa Jerez, hasa kuanzia Novemba hadi baridi ipungue, mosto ni mvinyo mchanga wa mwaka huo, kilevi karibu asilimia 12. Anayetaka maji ya zabibu aseme "zumo de uva, sin alcohol".

Mashamba yenyewe yako nje ya mji, magharibi na kaskazini, kwenye vilima vyeupe vinavyoumiza macho saa sita mchana. Udongo huo, albariza, ni wa chokaa ya bahari ya kale. Ukinyeshewa hunywa maji kama sifongo, na kiangazi uso wake hukauka ukawa kifuniko. Baada ya mavuno wakulima huchimba vishimo vya mraba kati ya mistari ili mvua isitiririke mteremkoni. Mkulima wa Dodoma ataelewa bila kufasiriwa, ingawa yeye huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka na hawa mara moja tu, Agosti na mwanzo wa Septemba. Bila gari au ziara ya kulipia hufiki huko. Usijaribu kwa miguu wakati wa joto, kivuli hakuna.

Farasi saa sita, kasri kabla yake

Real Escuela Andaluza del Arte Ecuestre ilianzishwa 1973. Onyesho lake hufanyika Jumanne na Alhamisi saa sita mchana, na katika miezi ya wageni wengi huongezwa siku nyingine. Linachukua kama saa moja na nusu pamoja na mapumziko. Farasi wengi ni wa kijivu na weupe, na wapandaji huvaa mavazi ya karne ya 18. Kinachotazamwa ni utii: farasi anayekwenda kwa madaha mahali pamoja bila kusogea, anayesimama kwa miguu ya nyuma kama mizani, na yule anayeruka miguu yote minne ikiwa hewani kisha akarusha teke. Mruko huo hutokea kwa sekunde moja. Ukiwa unapapasa simu umeukosa, na simu yenyewe hairuhusiwi: kupiga picha wakati wa onyesho ni marufuku, na walinzi hukufuata hadi kwenye kiti. Tiketi huzidi euro 20 na viti vya mbele ni ghali zaidi. Safu za katikati zinatosha, kwa sababu michoro ya miguu mchangani huonekana vizuri zaidi ukiwa juu kidogo. Siku zisizo na onyesho kuna tiketi nafuu ya kutazama mazoezi asubuhi, na anayewapenda farasi kuliko muziki huenda akafurahia zaidi hapo, maana utaona pia wanapokosea.

Kasri liende kabla ya farasi, saa tatu na nusu asubuhi linapofunguliwa. Majira ya baridi hufungwa mapema mchana, na wengi hulikuta limefungwa baada ya chakula. Ni ngome ya karne ya 12 ya Almohad, watawala Waislamu waliotoka Morocco, na ndani yake umebaki msikiti mdogo: ua wenye mahali pa udhu, mnara, na ukumbi wa sala chini ya kuba ya matofali yenye pembe nane, mihrabu ikiwa mahali pake. Alfonso X aliugeuza kuwa kanisa la Bikira Maria, na ndiyo maana haukubomolewa. Hamamu iko upande wa pili wa bustani, vyumba vya baridi, vuguvugu na moto, na mwanga unaingia kwa matundu ya umbo la nyota darini. Mnara wa jumba la Villavicencio una chumba cha giza kinachoonyesha mji mzima mezani kwa lenzi na vioo. Siku ya mawingu usikilipie, picha inakuwa hafifu.

Kanisa kuu, lililojengwa 1695 hadi 1778 mahali ulipokuwa msikiti mkuu, lina mchoro wa Zurbarán wa Bikira Maria akiwa mtoto amesinzia. Simama hapo, mengine yapite. Jumba la makumbusho ya kale lina kofia ya vita ya Kigiriki ya karne ya 7 kabla ya Kristo iliyopatikana mto Guadalete. Inatosha nusu saa.

Kula

Mchana majiko hufunguka kati ya saa saba na nusu na saa kumi, usiku kuanzia saa mbili na nusu. Katikati ya hapo utapata zaituni na viazi vya kukaanga. Ukikaa mezani saa kumi na mbili jioni na kuagiza samaki, utapewa menyu kwa heshima ya ugeni wako na hakuna kitakachokuja.

Asubuhi nenda soko la Calle Doña Blanca, jengo la 1885. Jumanne hadi Jumamosi samaki ni wengi. Jumatatu meza nyingi ni tupu kwa kuwa Jumapili wavuvi hawakwenda baharini. Tazama kamba wa Sanlúcar, wenye mistari mkiani, bei yao ikiwa juu kuliko chochote kilicho jirani.

Vyakula vya hapa vyenyewe ni hivi. Ajo caliente ni mkate wa jana uliopondwa kwenye bakuli la udongo pamoja na nyanya, kitunguu saumu, pilipili hoho, mafuta ya zaituni na maji ya moto, hadi ushikamane kama ugali laini, ukaliwa kwa figili mbichi. Hauna nyama, ni bei ndogo, na mpishi mvivu hujulikana mara moja: vipande vya mkate visivyopondeka. Tortillita de camarones ni bagia kwa kila hali, unga wa ngano na wa dengu, uduvi wadogo mzima mzima, kitunguu na kotimiri ya Kizungu, ila hutandazwa kwenye mafuta hadi iwe nyembamba kama kitambaa cha lesi. Ikija nene na laini katikati, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Rudisha bila haya. Cazón en adobo ni papa mdogo aliyelowekwa kwa siki, kitunguu saumu na jira kisha akakaangwa, na mtu wa pwani ataikubali mara ya kwanza.

Berza, mchuzi mzito wa dengu, maharage na majani, hupikwa na nyama na soseji za nguruwe, hata pale unapoambiwa ni "ya mboga". Chicharrones ni nguruwe pia. Riñones al jerez ni figo zilizokaangwa na sheri, kwa hiyo asiyegusa nguruwe aulize ni figo za mnyama gani, na asiyegusa pombe ameshajibiwa. Mkia wa ng'ombe nao aghalabu hupikwa kwa mvinyo. Usalama uko kwa samaki wa kukaanga, ajo caliente, na jibini la payoyo la mbuzi wa milima ya Grazalema. Kinyume chake, jina la tocino de cielo huwatisha watu bure. Maana yake ni mafuta ya nguruwe ya mbinguni, lakini ndani kuna viini vya mayai, sukari na maji peke yake. Ute wa mayai ulitumika bodegani kusafisha mvinyo, viini vikabaki, na masista wa mji wakavipatia kazi. Kipande cha vidole viwili kinatosha, cha pili kinachefua.

Kwa chakula cha kukaa, La Carboná iko ndani ya bodega ya zamani na kila sahani huletwa na sheri yake. Huko ndiko mtu hujifunza kwamba oloroso inakwenda na nyama kuliko mvinyo mwekundu. LÚ na Mantúa zina nyota za Michelin na hutaka nafasi ikamatwe wiki kadhaa kabla. Mkate na vijiti vikavu vinavyoletwa mezani bila kuagizwa huingia kwenye hesabu, euro moja hivi kwa kichwa. Maji ya bomba ni haki yako bure kisheria tangu 2022. Sema "agua del grifo", usisubiri wakutolee.

Usiku ni wa tabanco. Hizi ni baa za kale zinazouza sheri moja kwa moja kutoka kwenye pipa, glasi kwa euro mbili hivi, na katika baadhi hesabu bado huandikwa kwa chaki juu ya kaunta. El Pasaje, ya 1925, ina flamenco ya karibu kila siku kwa gharama ya kinywaji tu. Fika dakika 45 kabla ama utasimama mlangoni ukiangalia migongo. Jerez ni mji wa bulería, mtindo wa flamenco wa haraka wa mapigo 12, na mitaa ya Santiago na San Miguel imezaa waimbaji wakubwa, La Paquera akiwa mmoja wao. Usipige makofi kufuatisha: mkazo hauangukii mahali unapodhani, na meza nzima itakugeukia. Wakati wa kuimba, usiongee. Desemba mambo huhamia mitaani kwa zambomba, watu wakizunguka moto kwenye nyua wakiimba nyimbo za Krismasi hadi usiku wa manane, bila kiingilio.

Nje ya mji

Laguna de Medina, kama kilomita 10 kusini-mashariki, ni ziwa dogo lenye njia fupi na vibanda vya kutazamia ndege. Bata wa kichwa cheupe, ambaye ni adimu Ulaya, huonekana huko, na pengine flamingo, aina ile ile kubwa ya Nakuru. Miaka ya ukame hukauka kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa teksi.

Milima ya Grazalema ni saa moja na nusu kwa gari. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania, ndiyo maana miti ya pinsapo, misonobari ya enzi za kale, imebaki kule. Tumbusi huzunguka juu ya makorongo kwa makumi. Njia mbili bora, ya Pinsapar na ya Garganta Verde, zinahitaji kibali cha hifadhi chenye idadi maalumu ya watu kwa siku, na kiangazi hufungwa kwa sehemu kwa hofu ya moto. Wanaofika bila kibali huishia kunywa kahawa kijijini. Basi la umma ni chache mno kwa kwenda na kurudi siku moja. Kodi gari.

Sanlúcar haina treni. Basi huchukua chini ya saa moja. Pale Bajo de Guía unakula kamba ukitazama ng'ambo ya mto Guadalquivir, iliko hifadhi ya Doñana, na boti za ziara huondoka hapo hapo. Fino ya Sanlúcar huitwa manzanilla na ina ukali wa bahari. Baharia Magellan aling'oa nanga hapa Septemba 1519, miaka 14 baada ya kusafiri na msafara wa Mreno Almeida ulioivamia Kilwa na Mombasa.

Kufika, na cha kubeba

Treni kutoka Sevilla huchukua saa moja na kidogo, kutoka Madrid chini kidogo ya saa nne. Uwanja wa ndege wa Jerez una kituo chake cha treni, lakini treni hizo ni chache na huachana sana. Ukikosa moja, chukua teksi. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Schengen: ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Njoo Machi hadi Mei mwanzoni, au Oktoba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 38 na bodega ndogo hufunga kwa likizo. Kabla ya kukata tiketi angalia kalenda ya mbio za pikipiki za MotoGP, ambazo huangukia mwishoni mwa Aprili au karibu na hapo: wikiendi hiyo vyumba hupanda bei mara kadhaa. Maonyesho ya farasi ya Mei nayo hujaza mji, ila hayo yana faida yake, kwani mahema yake mengi, tofauti na ya Sevilla, yako wazi kwa kila mtu.

Chupa nunua siku ya mwisho. Fino tazama tarehe ya kutiwa kwenye chupa nyuma ya lebo. Iliyozidi mwaka mmoja iache, na ukishaifungua imalize ndani ya wiki hata kama iko kwenye friji. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, beba oloroso, ambayo hukaa miezi ikiwa imefunguliwa bila kulalamika. Ndege haina kikomo kwa vinywaji vya chini ya asilimia 24 kwenye begi unalokabidhi uwanjani, lakini forodha ya Afrika Mashariki inasamehe lita 2 tu za mvinyo kwa mtu mzima. Chupa tatu za kawaida ni lita 2.25, umeshazidi. Oloroso mbili za sentilita 75 na Pedro Ximénez moja ya sentilita 50 ni lita 2 kamili.